Timu Iliyokaa Masikioni

Ndugu wasikilizaji, ninyi mlioko Masisi na Nyabiondo, Mweso na Rubaya, na ninyi mlioko upande wa pili, kule milima inakotelemka na msitu ukashika, Pinga, Kibua, Mubi na Walikale penyewe, nawaomba radhi mapema, maana mazungumzo ya leo yatawachukua mbali na mashamba yenu, ng'ambo ya Atlantiki na kuvuka bara zima la Marekani, kisha yatawarejesha nyumbani kwa njia ambayo huenda wengine hawakuitazamia. Nimekusudia kuzungumza habari za timu moja ya mpira wa kikapu, timu ya kulipwa yenye umri wa miaka karibu 80, na zaidi ya hiyo habari za watu ambao hawakutia mpira kikapuni kwa ajili yake hata mara moja, nao ndio watangazaji wake.

Sababu ya kuichagua timu hiyo ni moja tu. Mwaka 2002 ulikuwa mwaka mzito katika Kivu ya Kaskazini. Tarehe 17 Januari mlima Nyiragongo ulipasuka na mto wa moto ukapita katikati ya mji wa Goma. Tarehe 25 Februari Radio Okapi ikaanza kusikika katika nchi yetu, ikisema Kifaransa, Kilingala, Kikongo, Tshiluba na Kiswahili chetu hiki. Na tarehe 6 Oktoba, katika mji ule ule ambao bado ulikuwa ukijengwa upya juu ya mawe meusi, akazaliwa mtoto aitwaye Jonathan Kuminga. Mtoto huyo aliondoka kwenda Marekani mwaka 2016, naye ana miaka 13, na ilipofika tarehe 29 Julai 2021 aliteuliwa kuwa wa 7 miongoni mwa vijana wote walioingia ligi kuu ya huko, ambayo watu wote huiita NBA, na timu iliyomteua ilikuwa Golden State Warriors. Mwaka uliofuata timu hiyo ikatwaa ubingwa kwa kuishinda Boston Celtics mechi 4 kwa 2. Mechi ya mwisho ilichezwa Boston usiku wa tarehe 16 Juni 2022, na kwetu ilipoanza ilikuwa saa tisa za usiku wa kuamkia tarehe 17, wakati ambao katika vilima vya Mushaki hata wakamuaji wa ng'ombe hawajaamka. Kuminga, nisiwadanganye, muda mwingi wa fainali ile alikuwa amekaa benchi, kwani umri wake ulikuwa miaka 19 na mbele yake walikuwapo mabwana wakubwa kama Stephen Curry. Lakini ubingwa ni wake pia, na jina la Goma limeingia katika tarehe ya timu ile.

Basi timu yenyewe, ingawa leo ni ya California, haikuzaliwa huko. Ilianza Philadelphia, mashariki mwa Marekani, mwaka 1946, mwaka mmoja tu baada ya vita vikuu kwisha, pamoja na ligi yenyewe, na aliyeisimamia alikuwa Eddie Gottlieb, bwana aliyesifika kwa kuipanga ratiba ya ligi nzima akitegemea kichwa chake. Katika msimu wa kwanza kabisa Warriors, jina ambalo maana yake ni wapiganaji, wakawa mabingwa mwaka 1947, kisha wakarudia mwaka 1956; na mwaka huu wa 1956 uwekeni akibani, nitauhitaji baadaye. Msidhani kwamba siku hizo mchezo huu ulikuwa na utajiri na fahari tunayoisikia leo. Mara nyingi viti vilibaki vitupu, magazeti yaliupa mchezo nafasi ya pembeni, na mtu aliyetaka kujua timu yake imefanya nini usiku ule, aghalabu hakuwa na njia ila kuinama karibu na redio.

Na hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, maana hapo pana utamu.

Tarehe 2 Machi 1962 Warriors walikwenda kucheza na New York Knicks katika mji mdogo uitwao Hershey, mji wa kiwanda cha chokoleti, katika ukumbi ambao si wao. Waliokuja kutazama walihesabiwa 4,124. Kamera ya televisheni haikuwapo hata moja. Katika timu ya Warriors alikuwapo Wilt Chamberlain, pandikizi la mtu mwenye urefu wa mita 2 na sentimita 16, na usiku ule Chamberlain alifunga peke yake pointi 100, jambo ambalo hakuna aliyepata kulifanya kabla yake katika ligi hiyo wala aliyelifanya baada yake hata leo. Alitia vikapu 36 kwa mchezo, na kwa mitupo huru, ambayo ilijulikana kuwa ndiyo udhaifu wake, alitia 28 katika 32, kana kwamba hata udhaifu wake umempa ruhusa kwa usiku mmoja. Mechi ikaisha 169 kwa 147. Kando yake mwenzake Al Attles alirusha mara 8 asikose hata mara moja, lakini nani atamkumbuka mtu wa pointi 17 katika usiku wa mtu wa pointi 100? Attles atarudi katika hadithi hii, msimsahau.

Imebaki picha moja mashuhuri ya usiku ule: Chamberlain ameketi, ameshika kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa mkono tarakimu 100. Filamu ya mechi haipo. Kama si mtu mmoja aliyeketi pembeni ya uwanja na kinasa sauti mbele ya kinywa chake, usiku huo ungalikuwa uvumi, na wabishi wangalisema kwamba wazee wameutia chumvi. Mtu huyo alikuwa Bill Campbell, mtangazaji wa kituo cha WCAU cha Philadelphia.

Fikirini kazi aliyokuwa nayo. Mpira wa miguu unampa mtangazaji wasaa. Beki akiurudisha kwa kipa, msemaji aweza kumeza mate, akataja hali ya hewa, akamsalimu shemeji yake aliyeko nyumbani. Mpira wa kikapu haumpi nafasi hiyo. Tangu mwaka 1954 kila timu ya ligi ile inapopata mpira ina sekunde 24 za kurusha, na katika sekunde hizo mtangazaji hana budi kusema nani anadunda, yuko upande gani, ampasia nani, nani amemkaba, mpira umerushwa, umegonga pete, nani ameudaka, hesabu imefika ngapi na dakika zimebaki ngapi. Na usiku ule wa Hershey Campbell alikuwa na hesabu mbili mkononi, ya timu na ya mtu, nayo ya mtu ndiyo iliyokuwa ikiwatia watu wazimu. Kosa moja la hesabu, na msikilizaji aliyeko gizani, asiye na macho mengine ila sauti hiyo, amepotea.

Sasa sikilizeni jinsi sauti hiyo ilivyookoka. Katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, mamia ya kilomita kutoka Hershey, alikuwapo mwanafunzi mmoja aitwaye Jim Trelease, ambaye aliisikia mechi ile kwenye redio yake. Kwani mawimbi ya aina ile, kama mnavyojua ninyi mliozoea kuitafuta idhaa ya mbali usiku, jua likizama hupanda juu, yakagonga tabaka za anga na kurudi chini mbali sana na yalikotoka. Aliposikia kwamba kituo kitarudia robo ya nne usiku wa manane, alitega saa yake imwamshe, akaamka saa tisa za usiku, akaweka mashine yake ya kanda mbele ya redio, akarekodi. Hakutumwa na mtu, wala hakulipwa. Ligi yenyewe iliipata kanda hiyo miaka mingi baadaye, na mwaka 2016 Maktaba ya Bunge la Marekani ikaitia sauti ya Campbell katika daftari la sauti ambazo taifa lile limeamua zisipotee. Kuhusu Trelease mwenyewe, alipokuwa mtu mzima aliandika kitabu kilichoenea sana cha kuwahimiza wazazi wawasomee watoto wao kwa sauti, nami nikikumbuka kwamba ni mtu yule yule aliyeamka usiku kuinasa sauti ya mtangazaji, naona tabia ya mtu haibadiliki.

Katika mwaka ule ule wa 1962 timu ikauzwa kwa dola 850,000, ikang'olewa Philadelphia na kupandwa San Francisco, upande wa pili wa bara. Watu wa Masisi wanajua mti mkubwa ukihamishwa unavyokuwa: majani hunyauka kwanza. Wenyeji wa San Francisco hawakuwa na haja na timu ya wageni. Lakini mmoja wa wanunuzi, ambaye baadaye alikuwa mwenye timu mpaka mwaka 1986, alikuwa Franklin Mieuli, na huyu kazi yake ilikuwa redio; alikuwa mtengenezaji wa matangazo ya michezo kabla ya kumiliki wachezaji, na aliielewa siri ambayo matajiri wengi wa leo hawaielewi, kwamba timu huingia mjini kwa sikio kabla ya kuingia kwa mlango wa ukumbi.

Sauti iliyofanya kazi hiyo ilikuwa ya Bill King. Alikuwa mtu wa masharubu yaliyopindwa na ndevu zilizochongoka, msomaji wa vitabu vya Warusi, mpenzi wa opera, mchoraji wa picha, mkazi wa chomboni katika bandari ndogo ya Sausalito, na kazi ya utangazaji aliianza katika redio ya jeshi huko kisiwani Guam. Tangu mwaka 1962 hata mwaka 1983 ndiye aliyekuwa akiwatangaza Warriors, na katika miaka hiyo timu ilibadilika wachezaji, kumbi, hata jina. Mwaka 1971, ilipohamia Oakland, ilijiita Golden State, yaani Jimbo la Dhahabu, lakabu ya California nzima. Hivyo ikawa timu isiyobeba jina la mji wo wote. Niwaulize, timu isiyo na jina la mji, iliyohama bara zima, wachezaji wake wakibadilishwa kama shati, huyo mshabiki anashikamana na nini? Mimi nasema anashikamana na sauti. Mtoto aliyemsikia King akiwa na miaka 7, alimsikia tena akiwa na miaka 27, na kati ya usiku huo na huu hakuna kilichobaki vile vile ila lafudhi ya mtu mmoja.

Ubingwa wa California ulikuja mwaka 1975, nao ulikuja kwa vituko. Hakuna aliyewatazamia Warriors kufika fainali, na katika hao wasiowatazamia walikuwamo wenye ukumbi wao wenyewe, waliokuwa wamekwisha kuukodisha kwa maonyesho ya watu wachezao juu ya barafu, hata timu ikalazimika kwenda kucheza mechi zake za nyumbani za fainali katika ukumbi wa zamani uitwao Cow Palace, yaani Kasri la Ng'ombe. Watu wa Masisi, najua mmetabasamu. Rick Barry na wenzake wakawashinda Washington Bullets, wakamaliza kazi kwa mechi 4 kwa 0, na kocha wao alikuwa yule Al Attles wa pointi 17, mtu mweusi wa pili kutwaa ubingwa wa ligi ile akiwa kocha, baada ya Bill Russell.

Baada ya hapo kikaja kiangazi kirefu, na kiangazi hakina mengi ya kusimuliwa. Nitaje moja tu. Tim Roye alikabidhiwa matangazo ya redio ya timu hiyo mwaka 1995, na tangu siku hiyo mpaka majira ya kuchipua ya mwaka 2007 hakupata kutangaza hata mechi moja ya mtoano ya timu yake, kwa kuwa timu yake haikufuzu. Kila usiku aliketi, akataja majina sawasawa, akahesabu sawasawa, akawaambia watu kwamba wamefungwa tena. Sifa za watangazaji hutolewa siku za ushindi, na mimi siungi mkono desturi hiyo. Mtangazaji hupimwa mwaka wa njaa. Roye huyo huyo ndiye aliyekuwa kwenye redio ubingwa uliporejea mwaka 2015, baada ya miaka 40, kisha 2017 na 2018, na tena ule wa 2022 wa kijana wetu wa Goma.

Sasa turudi nyumbani. Niliwaomba muuweke akibani mwaka 1956. Mwaka ule Warriors walipokuwa mabingwa huko Philadelphia kwa mara ya pili, katika nchi ya Wanyanga, Walikale, mzee mmoja aitwaye Candi Rureke alikuwa akisimulia karisi, yaani hadithi ndefu ya kuimbwa, ya Mwindo. Wanyanga mlio karibu mnajua ninachokisema: Mwindo, mtoto aliyezaliwa akitembea, aliyefungiwa na babaye ndani ya ngoma na kutupwa mtoni, aliyeshinda yote kwa usinga wake. Rureke aliisimulia kwa siku 12, akiimba, akicheza, akibadili sauti kwa kila mtu wa hadithi, huku wasikilizaji wakimwitikia na wapigaji wakimsindikiza, na Daniel Biebuyck, mtaalamu wa Kibelgiji, pamoja na Kahombo Mateene, msomi wa Kinyanga, wakaitia katika maandishi. Kitabu kikatoka Marekani mwaka 1969. Leo simulizi hiyo inasomwa katika vyuo vikuu vya mbali na watu ambao hawatakanyaga daraja la mto Lowa maisha yao yote.

Nani atakayeniambia kwamba kazi ya Rureke na kazi ya Campbell si ndugu? Wote wawili waliwaonyesha watu kitu ambacho macho yao hayakukiona. Wote wawili walitegemea pumzi, hesabu na jina kutajwa mahali pake. Na wote wawili wangalipotea kama asingalikuwapo mtu wa pembeni aliyeona kwamba jambo hili linafaa kuhifadhiwa, mmoja kwa kalamu, mwingine kwa kanda. Kwa hiyo mtu wa Walikale asijihesabu mgeni katika habari za utangazaji. Kazi hii ya kuona kwa sikio kwetu ni ya jadi.

Wala hali ya nchi yetu haijaacha kuidai. Walikale ni wilaya kubwa kuliko zote za Kivu ya Kaskazini, msitu mtupu, na njia zake mnazijua. Paliwahi kuwa na siku ambapo huko Kilambo ndege ndogo zilitua juu ya barabara yenyewe kuchukua mawe ya bati, magari yakisubiri ndege ipite kama yanavyosubiri ng'ombe kwingine. Katika nchi ya namna hiyo gazeti hufika limezeeka, picha haifiki, na redio hufika. Vita vya miaka hii vimewahamisha wengi wenu, mmeacha nyumba, mifugo na makaburi ya wazee, lakini nimeona mara nyingi kwamba mtu aliyekimbia na mkeka na sufuria hakuiacha redio yake, ingawa mawe yake yamechoka na hana budi kuyaanika juani ili yapate nguvu ya kusikiliza habari za jioni.

Ila nina lalamiko, na nitalisema. Mechi za Kuminga zimetangazwa kwa Kiingereza cha California na kwa Kifaransa cha Paris, na kwetu zilifika kama habari ya mstari mmoja: timu imeshinda, kijana wa Goma amefunga kadha. Hiyo ni risiti tu. Watoto wetu wanacheza kikapu katika viwanja vya shule na vya misheni, pete imefungwa juu ya mti na wavu hauna, na sijui kwa nini mechi zao zisitangazwe kwa Kiswahili, robo zote nne, na redio za jamii tulizo nazo. Wako wanaodai kwamba lugha yetu haina maneno ya mchezo huo. Hasha! Tunasema kudunda, kupasi, kukaba, kurusha, kudaka. Tunasema pete, ubao, mtupo huru. Na pasipo na neno, mtangazaji mwenye akili atalipata katika joto la mchezo, kama Rureke alivyolipata, na msikilizaji atalielewa kwa sababu mpira wenyewe utakuwa umekwisha kulieleza.

Dakika zangu zinakwisha, na fundi wa mitambo amekwisha kuniinulia mkono. Nina ombi moja kwa nyumba zenu. Katika masanduku ya baadhi yenu zimo kanda za kaseti za zamani, ambazo baba au mjomba alirekodi kutoka redioni au uwanjani: mechi ya shule, mechi ya misheni, mzee akisimulia Mwindo, mtangazaji ambaye sauti yake haisikiki tena. Msirekodi nyimbo juu ya kanda kama hiyo. Mtoto akitaka kuichezea, mnyang'anyeni. Andikeni juu yake tarehe, mahali na majina, ifungeni katika karatasi kavu, na siku mtakayopita karibu na redio yo yote ya jamii, Masisi au Walikale, ingieni nayo, mseme mmeileta ipate kunakiliwa. Nakala hazichukui muda zaidi ya ule wa kuisikiliza.